Springi Laini kwa Barabara ya Bura

Garissa, mwanamke akinunua gari dogo kila mwanamume hugeuka fundi. Mimi nilinunua langu kwa mshahara wa ualimu, jeupe, la mkono wa pili, na kabla sijaliosha mara ya kwanza nilikuwa nimeshaambiwa niliuze. Mwalimu mwenzangu alisema hilo ni gari la kwendea sokoni tu. Jirani yangu hapa mtaani Galbet, mzee anayefuga mbuzi uani, alilizunguka kama mtu anayekagua ndama, akacheka, akaniuliza mama yake yuko wapi. Sikulinunua ili liwapendeze. Nililinunua limlete mama yangu kliniki kutoka Bura kila mwezi, kisha limrudishe nyumbani kwake.

Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisomali, ana mgongo mbovu. Aliteka maji visimani miaka mingi, akajenga na kubomoa nyumba yetu ya mikeka kila tulipohama na mifugo, na sasa mwili unadai haki yake. Daktari wake yuko Garissa, lakini yeye hataki kuishi Garissa. Ana mbuzi wake Bura. Ana wanawake wenzake wa kukaa nao alasiri na kuwasema watu. Mjini, husema, mzee huwekwa kwenye kiti akangoja kuulizwa kama ameshiba.

Kaka yangu mkubwa huona vingine. Anauza mifugo hapa Garissa, ni mkarimu, na ukarimu wake hauna breki. Safari moja hooyo alishuka garini akilia, na hooyo si mtu wa kulia. Kaka akatuita nyumbani kwake akatoa hukumu. Barabara inammaliza mama, alisema. Akifika na maumivu tena, harudi Bura. Alikuwa ameshaanza kumjengea chumba kando ya nyumba yake. Mbuzi wangeuzwa.

Hooyo alitazama chini. Mimi nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka moto.

"Tatizo si barabara, aboowe, kaka yangu," nikamwambia. "Tatizo ni shokabzoba za gari. Zimekufa. Nitalitengeneza."

"Nitalitengeneza mimi," akasema, akanyoosha mkono kuomba ufunguo. Nami, kwa kuwa ni kaka mkubwa na watu walikuwa wanatazama, nikampa.

Mtu asiyejua gari nimweleze kidogo, maana hata mimi ilibidi nijifunze. Springi hubeba uzito. Shokabzoba huituliza springi, isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Za kwangu zilikuwa zimevuja mafuta yote. Ukikandamiza boneti kwa mikono miwili kisha uachie, gari lilicheza juu chini kama mtoto aliyepewa peremende. Dawa yake ilikuwa kununua mpya za kiasi chake, basi.

Kaka hakununua za kiasi chake. Kwake, kama kwa wanaume wengi wa mji huu, gari zuri ni gari refu. Alilirudisha likiwa limesimama juu kama limekanyaga kitu kibaya: springi nene za kubebea mizigo, vyuma vya kuliinua zaidi, shokabzoba ngumu za gesi. Alijivuna, na barabarani vijana walinipungia mkono kwa mara ya kwanza. Nikiri kwamba hata mimi nilijiona mkubwa, kwa mizunguko miwili ya mji.

Kisha nikaenda Bura. Hooyo alisimama mbele ya mlango uliofunguliwa, akainua mguu, mguu ukakataa. Ilibidi wajukuu wawili wampandishe, mmoja kwapani na mwingine magotini, na wanawake wenzake wanatazama. Mama yangu, aliyekuwa akipanga nyumba nzima mgongoni mwa ngamia kabla jua halijatoka, alibebwa kama gunia la sukari. Njiani gari halikuyumba tena. Liligonga. Springi zile zilitengenezwa kwa uzito wa mizigo, na sisi hatukuwa na mzigo. Tulikuwa wanawake wawili na kibuyu cha maziwa. Kila jiwe lilipanda moja kwa moja hadi kwenye kiti. Pale ambapo barabara ina mikunjo kama bati, hooyo aliuma ncha ya shali yake hadi tukafika kwa kaka.

Kaka alipomwona alivyoshuka, akatingisha kichwa kwa huzuni ya kweli. "Umeona? Gari limetengenezwa na bado. Ni barabara."

Hapo ndipo hooyo alipozungumza. "Tulipokuwa tukihama," alisema, "bibi yako tulimpandisha ngamia gani?"

Kaka akakunja uso.

"Yule mrefu, mwenye nguvu, alibeba nyumba. Bibi yako alipanda yule mpole. Hukuyaona hayo? Ulikuwa unachunga." Akapumua. "Hii ilikuwa safari yako. Mwezi ujao ni safari ya dada yako. Baada ya hapo utasema."

Kaka hakuweza kumpinga mama mbele yangu. Akasema sawa, lakini chumba kingeendelea kujengwa. Siku chache baadaye nilimrudisha hooyo Bura na gari lilelile refu, mwendo wa kinyonga, mto chini na mto nyuma, huku nikiapa kila tulipogonga jiwe.

Nilipotoka huko nikaenda dukani kwa muuza spea. Ni mtu wa bara, yuko hapa Garissa miaka mingi, na kila mwanamke humwita madam. Nikamwambia nataka springi laini za urefu wa kawaida, shokabzoba za mafuta, si za gesi, na bushi mpya, zile raba za viungo.

"Madam, hizo ni za mtu wa Nairobi, wa kukanyaga lami," akasema. "Huku utagonga tumbo. Chukua ngumu, uinue gari."

"Ndio hizo natoa."

Akanitazama kama nimemwambia nataka kung'oa paa la nyumba kwa sababu ya joto. Pembeni alikuwepo dereva wa lori, Msomali mwenzangu, aliyekuja kununua taa. Akaingilia kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwetu ili muuzaji naye afaidi. "Mwalimu, wallahi, hii gari bila springi ya bikap haifiki Bura. Itafunjika."

"Wewe umewahi kukaa kiti cha nyuma cha gari lako?" nikamuuliza.

"Kiti gani ya nyuma? Huko nyuma ni ng'ombe."

"Basi mimi nabeba mama."

Muuzaji alicheka hadi akaketi. Dereva hakucheka, akaniambia nitamkumbuka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hapo dukani palikuwa na wanaume wawili wenye ushauri wa barabara, hata mmoja hajawahi kuipita akiwa na mgongo wa hooyo. Nilisema hivyo kwa sauti. Nilisema na mengine ambayo mwalimu hapaswi kusema dukani.

Lakini juu ya tumbo la gari muuzaji alisema kweli, nami si mjinga. Nikanunua bamba la chuma, likafungwa chini ya injini. Likigonga, ligonge chuma. Nikaweka tairi zenye ukuta mnene kidogo, kwa kuwa tairi nayo ni mto. Fundi wa gereji alifungua springi za kaka akaniuliza azitupe wapi. Nikazipeleka kwa kaka na kuziegemeza mlangoni pa kile chumba kipya. Huo ulikuwa utovu wa adabu, na ulinifurahisha mno.

Mwezi ulipofika sikulala vizuri. Kwa mdomo nilikuwa jasiri, lakini nilijua kwamba nikikosea, ni hooyo atakayelipa, na atalipa kwa mbuzi wake na alasiri zake zote zilizobaki. Bura niliwakuta wanawake wenzake wamekuja kumuaga kana kwamba harudi. Mmoja alikuwa ameshauliza bei ya mbuzi jike mweusi. Hooyo akageuza mgongo kwenye kiti, akakikalia, akaingiza miguu mwenyewe, akafunga mlango kwa kishindo ili wote wasikie.

Nilikwenda polepole. Malori yalitupita, pikapu zilitupita, na moja ilipiga honi na kutufunika kwa vumbi. Bamba la chuma liligonga mara kadhaa, nami kila mara nilikaza meno na kutazama kioo. Gari lilizama kwenye shimo, likainuka mara moja, likatulia. Kwenye mikunjo ile ya bati nilingoja hooyo aume shali. Nikatazama kioo tena. Kichwa kilikuwa kimelala begani, mdomo wazi, na anakoroma.

Nilitaka kushangilia peke yangu kwa kelele. Badala yake nikalia, tena sana, na nikaendelea kuendesha.

Tulipita kwanza kwa kaka. Alikuwa mlangoni, kanzu safi, springi zake zimesogezwa pembeni. Hooyo akafungua mlango, mguu ukafika chini, wa pili ukafuata. Akasimama na kunyoosha shali.

"Vipi maumivu, hooyo?" kaka akauliza.

"Nionyeshe hicho chumba."

Kilikuwa chumba kizuri, lazima niseme. Rangi mpya, feni, zulia, kitanda kipana na godoro ambalo bado lilikuwa na nailoni yake. Kaka alikuwa ameweka hata birika la udhu kando, karibu na mkono, asilazimike kuinama. Nilipoliona birika lile hasira yangu ikapungua. Hooyo aliligusa, akamgusa mwanawe shavuni. Kisha akaketi kitandani, akajitikisa juu chini mara mbili, akisikiliza kwa mgongo wake.

"Mwanangu," akasema, "godoro hili ni gumu kuliko gari la dada yako."

Akainuka mwenyewe, akanipa mkoba wake niubebe. "Twende kwa daktari. Kesho mbuzi wanataka maji."