Chupa ya Limau, Jiwe na Udongo

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa ninawe mikono mara nyingi hadi nikadhani nimeajiriwa kupasua watu. "Mkono wa muuzaji ukinuka kitumbua, mteja ataenda kununua kitumbua," alisema Mkurugenzi. Mkurugenzi ni sengi yangu, yaani shangazi, na kampuni nzima ilikuwa meza moja ya kioo kwenye kibaraza karibu na stendi ya Bariadi. Cheo changu hakukitaja, kwa hiyo nilijipa mwenyewe: Afisa Manukato Msaidizi. Nilihudumu likizo nzima. Sasa shule imefunguliwa, nimestaafu nikiwa kidato cha tatu, na nyie wadogo wa kidato cha kwanza mna haki ya kupata elimu hii kabla sijazeeka zaidi.

Zama zetu, yaani mwezi uliopita, manukato yaliuzwa kwa kupimwa. Unavuta mafuta kutoka chupa kubwa kwa bomba la sindano lililong'olewa sindano, unayashusha taratibu kwenye kichupa cha mteja, na ukidondosha tone mezani Mkurugenzi anakutazama kama umemwaga damu ya ukoo. Watu wengi walitaka yenye sukari, yale ambayo ukipita hata mbuzi anageuza shingo. Hayo yaliisha yenyewe. Ilibaki chupa moja ya kiume, mafuta yake ya kijani kilichofifia, ambayo kila mteja aliinusa, akakunja uso na kuirudisha.

"Wanainusa kichwa tu," alisema Mkurugenzi. "Manukato ni kama ng'ombe, yana kichwa, tumbo na kwato. Kichwa ni harufu inayokupokea. Tumbo linakuja kichwa kikishapita. Kwato ndizo zinazobaki kwenye ngozi hadi jioni. Mpake mteja mkononi, mfukuze aende sokoni, arudi baadaye."

"Asiporudi je?"

"Basi hakuwa wa hii chupa."

Nikajipaka mwenyewe, nipate cha kucheka. Kichwa kilikuwa limau, ila siyo la juisi. Lilikuwa ganda la limau linapominywa karibu na jicho. Nikaenda kununua vocha, nikarudi. Limau lilikuwa limepoa, na chini yake kulikuwa na jiwe. Sitanii. Mnaijua ile harufu jembe linapogonga jiwe kwenye shamba la pamba, likatoa cheche? Ile. Alasiri nikanusa tena, na hapo mkononi mwangu palikuwa na mbuga, ule udongo mweusi, dakika ya kwanza mvua inapougusa baada ya kiangazi. Nikanyamaza. Wanaonijua watawaambia kwamba jambo hilo halijawahi kutokea.

Ndipo akaja mteja wangu mkubwa, Masanja, kifungua mimba wa Mkurugenzi. Masanja hununua na kuuza ng'ombe minadani, na ukikaa naye kwenye bajaji unaweza kutaja rangi za ng'ombe aliokuwa nao asubuhi. Alikuwa anampenda Minza wa Mwanhuzi, kule Meatu. Mwaka jana posa yake ilirudishwa; baba yake Minza alisema kijana ana maneno mengi. Sasa walikuwa wanaipeleka tena, na mshenga alishasema hatakwenda mara ya tatu. Ikirudi hii, basi.

"Nipe kitu kinachofunika ng'ombe," Masanja aliniambia.

Nilimpaka ile chupa, nikamfukuza sokoni. Aliporudi alikuwa amekasirika. "Wewe mtoto, unanipeleka ukweni nikinuka kama nimefukuliwa?"

"Umefukuliwa vizuri lakini," nilimwambia.

Mkurugenzi alimshika mkono, akanusa, akafumba macho. "Utapaka hii."

Kwa hiyo nikapata uhamisho wangu wa kwanza na wa mwisho: kituo cha Mwanhuzi, kazi ya kubeba kreti ya soda na kuhakikisha Masanja hapaki chupa nzima. Huko ni kukavu. Njia nzima vumbi, na mahindi yaliyopandwa mapema yalikuwa yamejikunja kama sigara. Tulikalishwa uani kwenye jua muda mrefu, makusudi kabisa. Limau likaondoka. Jiwe likaja, likaondoka.

Mzee, baba yake Minza, akatoka, tukamwamkia, "Ng'wadila, bhabha," akaitikia akiketi karibu na Masanja. Mshenga akafungua kinywa aanze hotuba. Mzee akamnyamazisha kwa mkono. Alinusa hewa. Akasimama, akatoka hadi nje ya boma, akatazama mbingu upande wa mashariki, kisha magharibi. Mbingu ilikuwa tupu kama sufuria iliyooshwa.

Akarudi. "Kijana, kwenu imenyesha?"

Mshenga alimkazia Masanja macho yanayosema: sema ndiyo, umekuja na baraka. Mimi nilishika kreti.

"Hapana, bhabha," Masanja akasema. "Ni manukato nimepaka."

"Kwa nini?"

"Nisinuke ng'ombe mbele yako."

"Ng'ombe ndio watakaoniombea binti, halafu unawaonea aibu?"

Masanja, yule wa maneno mengi, akanyoosha mkono tu. Mzee akautwaa, akauweka puani, akakaa nao hivyo. Nilimwona mzee mzima akinusa mvua ambayo hakuwa ameipata.

"Mama Minza!" akaita. "Njoo unuse kitu."

Mama akatokea mlangoni, akapiga hatua, kisha akasimama ghafla na kuvuta kanga yake. Kwetu mama hamsogelei mume wa binti yake. Heshima yao ni ya umbali. Mchumba ambaye hajakubaliwa ni mgeni tu, huyo unampa hata mkono.

"Baba Minza, una wazimu?" akasema. "Nimsogelee mkwe wangu?"

Mshenga, ambaye hotuba yake ilikuwa bado mdomoni, akaimeza yote. Neno "mkwe" lilishatoka, na lilitoka kwa mama mwenye nyumba.

Mzee alimtazama mkewe, kisha Masanja. Akakisugua kiganja chake kwenye mkono wa Masanja, taratibu, mbele na nyuma, akakibeba kikiwa wazi hadi mlangoni. Mama akainama juu ya kile kiganja, akavuta pumzi, na hakuinuka upesi.

Nimestaafu salama. Nilimuuliza Mkurugenzi mle ndani kuna nini hasa, akasema ni maganda ya limau, mizizi ya majani fulani na vitu vya maabara. Mvua haimo. Basi mimi niko darasani, dirishani, na bado nawashangaa hao watu wa mbali waliotengeneza ile chupa: nani aliwaambia udongo wa Meatu unasema nini unapolowa?