Alama za Kwenda Kanada

Baba alikuwa fundi wa mitambo ya kusukuma maji pale Ruvu. Maji ya Dar es Salaam yalianzia kwake, na hilo alipenda kuwaambia wageni hata wasipouliza. Tulikaa kwenye nyumba za wafanyakazi, watu wanne: Baba, Mama, mimi niliyekuwa darasa la tano, na mdogo wangu wa kike ambaye alikuwa hajaanza shule. Mama kwao Kisarawe. Baba ni mtu wa huku huku karibu na Mlandizi, mtoto wa wakulima, wa kwanza katika ukoo wao kushika spana badala ya jembe.

Mdogo wangu alikuwa na kifafa. Kilimwanza baada ya homa kali alipokuwa anatambaa, na tangu hapo Mama hakumruhusu kukaa karibu na jiko wala kuteka maji peke yake. Hospitali ya Kibaha walimpa vidonge, na akivimeza vizuri tuliweza kumaliza mwezi mzima bila tatizo. Kisha siku moja tu, tukiwa tunacheza, macho yake yalinyanyuka juu na mwili ukakakamaa. Mimi nilijua la kufanya. Nilimlaza ubavu, nikaweka khanga chini ya kichwa chake, nikasubiri. Akizinduka alikuwa akiniuliza, "Nimeanguka?" Nikimwambia ndiyo, alikuwa akijipangusa vumbi na kutaka tuendelee na mchezo pale pale tulipoachia.

Katikati ya miaka ya sabini walikuja wahandisi wa kigeni kufunga mitambo mipya. Mmoja wao, Mkanada mwenye nywele nyeupe, alielewana sana na Baba. Ndiye aliyemwambia kwamba kwao siku hizi hawaangalii tena umetoka nchi gani. Wanahesabu alama. Umri wako una alama zake, shule uliyosoma ina alama zake, lugha pia, na ufundi ambao kwao una upungufu wa watu unapewa alama nyingi zaidi. Ukizifikisha, wewe na mkeo na watoto wenu mnapewa ukaazi wa kudumu, mnaishi huko kama wenyeji.

Baba alirudi siku hiyo akiwa hawezi kukaa. Alisimama katikati ya chumba, sahani yake ya ugali ikipoa, akawa anahesabu kwa vidole.

"Umri sijafika arobaini, hapo napata. Ufundi, mtihani wa daraja la kwanza nimefaulu. Mitambo ya maji wanaitafuta. Kiingereza changu yeye mwenyewe anasema kinatosha."

"Na shule?" Mama akauliza.

"Shule ndiyo ndogo. Lakini ukijumlisha na miaka ya kazi, inakwenda."

"Halafu ukishapata hizo alama?"

"Tunakwenda, mama watoto. Wote."

Mama hakucheka wala hakununa. Aliuliza baridi ya huko ikoje, Baba akaeleza alichoelezwa, kwamba maji ya mtoni yanaganda na watu wanapita juu yake. Mdogo wangu akasema ni uongo. Tukacheka sote.

Hatukuruhusiwa kumwambia mtu. Wakati ule redio ilikuwa ikitukumbusha kila siku kujenga nchi, na mtu aliyesomeshwa ufundi na serikali kisha akataka kuupeleka ng'ambo angeonekana msaliti. Kwa hiyo mambo yalifanyika kimya kimya. Baba alianza kukaa jioni na yule mhandisi wakizungumza Kiingereza, na Mama alinunua sufu mjini akaanza kufuma masweta, kwenye joto la Ruvu, jasho likimtiririka.

Kisha Baba akaleta habari ya pili. Kila mtu wa familia hupimwa na daktari kabla ya kupewa viza. Akikataliwa mmoja, wamekataliwa wote.

"Yule mhandisi nimemuuliza kwa kuzunguka," Baba alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nikamwambia kuna ndugu yangu ana mtoto hivi na hivi. Akanijibu huyo hawezi kupita."

Mama alikuwa amempakata mdogo wangu anamsuka. Mikono yake haikusimama. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tumwandike mkubwa peke yake. Huyu akae na bibi yake Kisarawe kwa muda. Tukishafika, tukishatulia, tunamfuata."

"Mtamfuata na jina gani, wakati mlisema hayupo?"

Swali hilo Baba aliliruka. Alikuwa na majibu mengine, na kwa wiki kadhaa aliyatoa yote. Kwamba huko kuna dawa ambazo hapa hazipatikani. Kwamba tukikaa hapa tutamsaidia mtoto kwa vidonge vya kuvizia hospitali, leo vipo kesho havipo. Sikumwona kama mtu mbaya, wala leo simwoni hivyo. Alikuwa mtu aliyeona mlango umefunguka kidogo na akaogopa utafungwa. Mwishowe Mama alikubali, au alichoka, sijui. Lakini alipomaliza masweta yetu matatu alianza la nne, dogo, la rangi ya manjano. Baba aliliona. Akalishika, akalirudisha kwenye kikapu.

Tulimpeleka mdogo wangu Kisarawe mwanzoni mwa msimu wa korosho. Kutoka kwetu ilibidi tuende kwanza Dar es Salaam, kisha tupande basi la Kisarawe linalopanda vilima kupitia Pugu. Aliambiwa anakwenda kumtembelea Bibi, naye alifurahi, akawapungia mkono watu wote wa kituoni. Bibi alitupokea mbele ya nyumba yake ya makuti. Alikuwa mwanamke mfupi, mjane, analima muhogo na kusuka mikeka ya kuuza. Mama akamweleza kila kitu jikoni. Nilimsikia Bibi akiuliza, "Na wewe umeridhika?" Jibu la Mama sikulisikia.

Wakati wa kuondoka mdogo wangu alikuwa anaokota korosho na watoto wa jirani. Baba alisema tusimuage, atalia. Tukaondoka.

Nyumba yetu ya Ruvu ikawa kubwa ghafla. Baba alisema ni vizuri, azoee, na sisi tuzoee. Ndivyo ilivyokuwa: tulikuwa tunafanya mazoezi ya kuwa familia ya watu watatu. Mama alikwenda Kisarawe kila alipopata nafasi kupeleka vidonge. Mimi nilikwenda naye mara chache. Mara ya mwanzo mdogo wangu alining'ang'ania hadi barabarani. Safari nyingine alitusindikiza nusu ya njia. Baadaye alikuwa anatuaga akiwa amekaa kwenye mkeka, akichambua ukindu na Bibi.

Karibu mwaka ulipita ndipo tukaitwa kwenye usaili ubalozini, Dar es Salaam. Baba alivaa suti aliyoazima. Mimi nilivalishwa viatu vipya vilivyonibana. Afisa alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, aliyetukaribisha kwa Kiswahili cha kujifunza na kisha akaendelea kwa Kiingereza. Aliongea na Baba kwa muda mrefu juu ya pampu na mabomba, na nilimwona Baba akinyooka kwenye kiti, uso wake ukifunguka kama wa kijana. Yule afisa alikuwa akitabasamu. Hata mimi, nisiyejua Kiingereza cha kutosha, nilijua kwamba tunapita.

Kisha akamgeukia Mama. Nadhani ilikuwa heshima tu, asikae pale kama hayupo. Akamuuliza polepole, ili aelewe, ana watoto wangapi.

Mama alikuwa amesoma hadi darasa la nane, na Kiingereza kidogo alikuwa nacho. Alimtazama yule mtu. Akajibu kwa Kiingereza hicho hicho kidogo: wawili.

Baba alifumba macho.

Afisa akaangalia karatasi, akatuangalia sisi, akaniangalia mimi niliyekaa katikati. Akauliza tena, na Mama akajibu tena, safari hii kwa Kiswahili, kana kwamba anamwambia Baba. "Wawili. Mmoja yuko Kisarawe. Anaumwa kifafa."

Sikumbuki yule mtu akikasirika. Aliweka kalamu mezani, akazungumza na Baba kwa sauti ya chini. Baba mwenyewe alinieleza miaka mingi baadaye alichoambiwa. Kila mtoto lazima aandikwe na apimwe, kwa hiyo angejaza upya na kuanza tena. Uamuzi ungekuwa wa madaktari, lakini asingemdanganya: kwa ugonjwa ule, asitegemee. Kisha akasema neno ambalo Baba hakulisahau hadi anaingia kaburini. Akamwambia, "Alama zako zilikuwa zinatosha. Zilikuwa zimezidi."

Hatukurudi Ruvu moja kwa moja. Nje ya lile jengo Mama aliuliza, "Tunakwenda wapi?" na Baba akasema, "Kisarawe. Tukamchukue mwanao." Mama akasema, "Mwanetu." Baba akaitikia, "Mwanetu." Tukapanda basi.

Bibi alikuwa anaanika ukindu. Mdogo wangu alipotuona hakukimbia kuja, wala hakukimbia kutuepuka. Alisimama pembeni ya Bibi akamwamkia Baba, "Shikamoo," kwa adabu, kisha Mama, kisha akanitazama viatu. Alikuwa amerefuka. Shavuni alikuwa na kovu jipya la kuungua, la baada ya safari ya mwisho ya Mama, ambalo hatukuwa tunalijua.

"Tumekuja kukuchukua," Mama alimwambia. "Turudi nyumbani."

"Hamwendi Ulaya?"

Hatukuwahi kumwambia. Lakini Kisarawe ni padogo, na watoto wa jirani walikuwa wamesikia kwa mama zao, wakamweleza kila kitu: kwamba wazazi wake wanakwenda Ulaya, na kwamba yeye kaachwa kwa sababu ya kuanguka.

"Hatwendi," Baba alisema.

Akafikiri kidogo. Kisha akauliza, bila hasira yoyote, kama mtoto anayetaka kujua basi linaondoka saa ngapi: "Mkipata tena, mtanirudisha hapa?"

Baba akamtazama Bibi. Mama alikaa chini mchangani na suti yake ya vitenge aliyoshonewa kwa ajili ya siku ile. Mdogo wangu akasubiri jibu, na alipoona halitoki akaenda nyuma ya Bibi, akashika khanga yake.

"Mwacheni kwanza," Bibi alisema. "Atakuja mwenyewe moyo ukitulia."

Tukamwacha kwanza. Likizo ya kwanza tulimleta Ruvu, akakaa siku chache akaomba kurudi. Likizo iliyofuata alisema ana kazi ya mikeka. Akawa anamwita Bibi "mama", na Mama akawa "mama wa Ruvu". Mama aliitika jina hilo kila alipoitwa. Akienda chooni kulia, alikuwa akifungulia bomba.

Baba aliendelea na pampu zake. Mkanada aliondoka, mitambo ikazeeka, na ilipoanza miaka ya themanini vipuri vikawa havipatikani. Tukapanga foleni ya sabuni na unga wa njano kama kila mtu. Sikuwahi kumsikia akimlaumu Mama. Wala sikuwahi tena kumsikia akiwaambia wageni kuhusu maji ya Dar es Salaam. Kila mwisho wa mwezi alikwenda Kisarawe na vidonge na chochote alichopata, sukari au kipande cha kitambaa. Mdogo wangu alikuwa akimtandikia mkeka, akimletea maji ya kunywa kwa mikono miwili, akipiga goti. Alimtunza vizuri kuliko mimi nilivyowahi kumtunza. Alimtunza kama mgeni. Baba alikunywa yale maji, akakaa kidogo, akaaga.

Bibi alipofariki, mdogo wangu alikuwa amekwisha kuwa msichana mkubwa. Tulidhani sasa atakuja. Alisema nyumba haiwezi kubaki tupu na wateja wa mikeka wameshamzoea. Mimi nilikuwa nimeanza ualimu Kibaha, na likizo moja nikaenda kukaa naye. Tulikuwa tunamenya muhogo. Kwa mara ya kwanza maishani akaniuliza habari zile.

"Hivi zile alama, zilikuwaje?"

Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Umri, shule, ufundi, lugha. Alisikiliza huku kisu chake kikienda.

"Na mimi walinipa ngapi?"

Nikaweka kisu chini. "Hukuhesabiwa," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa anajua tayari na anataka tu kuhakikisha. Akaokota muhogo mwingine. "Mama alinihesabu," akasema.

"Ndiyo. Mama alikuhesabu."

"Kwa kuchelewa," akasema, na hakulisema kwa ubaya. Halafu akaniuliza kama nataka muhogo wa kuchemsha au wa nazi, na tukazungumza mambo mengine mpaka chakula kikaiva. Hadi naondoka hakumtaja Baba.

Niliporudi Ruvu Baba alikuwa amekaa kibarazani anasubiri. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za Kisarawe, za mvua, za korosho. Nilikuwa nimeshaingia ndani aliponiita tena.

"Mdogo wako kaniulizia?"

"Kakuulizia, Baba," nikasema. "Kasema anakusalimu sana."

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana." Akabaki pale kibarazani, na Mama akampelekea chai.