Nilisema ni Kozi

Jumatano ya pili ya mwezi wa nane, mwaka jana, nilimpoteza dada yangu Somoe. Alifariki mchana nyumbani kwake Newala, maji ya kumwogesha yakiwa bado yako jikoni yanachemka. Kwa mama yetu tulizaliwa wawili tu. Watu walikuja, wakakaa mkekani, wakanipa pole, na kila aliyeinuka kuondoka aliniambia, "Umemuuguza vizuri dada yako." Maneno hayo yananikaa kooni mpaka leo. Ninaandika ili niyateme.

Kuna sauti moja sipendi kuisikia tena. Ni sauti ya vifaranga wa kozi, yule ndege wa kuwinda, wakililia chakula, kali na ya kukwaruza, kama mlango wa bati uliokosa mafuta. Niliisikia utotoni nikaisahau, kisha nikaisikia tena kwenye simu ya Mwanahawa, binti wa Somoe. Mwezi wa tano nilipanda gari kutoka Masasi kwenda kumuuguza dada, nikamkuta hawezi tena kutoka hata mpaka uani. Mwanahawa alikuwa amemwegeshea simu kwenye kopo la uji pale kitandani. Ndani ya simu kulikuwa na ukingo wa jengo refu katika mji wa watu wa mbali, changarawe kidogo, na kozi amelalia mayai mekundu ya rangi ya udongo. Wenyewe wa huko wameweka kamera, na yeyote mwenye bando anaweza kumtazama ndege yule kutwa nzima, saa ileile anayopepesa jicho.

"Shikamoo dada," nilisema.

"Marahaba. Njoo utazame, Mama Rehema. Baba yao ndiye amelala zamu leo. Mama ameenda kuwinda."

Hakuniuliza habari za safari. Nilijua basi kwamba ni Somoe yuleyule.

Tulikulia Masasi, kwa bibi, mama wa mama yetu, nyumba ya mwisho kabla ya mlima wa jiwe. Wakati huo biashara zilikuwa zimefunguliwa. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao kutafuta korosho, maduka yalijaa sabuni za rangi ambazo hatukuzijua, na baba alianza kuuza mitumba. Siku moja alipofungua robota alikuta darubini ndogo kwenye mfuko wa koti zito ambalo hakuna mtu wa Masasi angelivaa. Jicho moja lilikuwa na ufa, la pili zima. Alimpa Somoe kwa sababu alikuwa amemaliza darasa la saba bila kuchaguliwa, akawa analia chinichini kila jioni.

Somoe aliigeuzia mlimani. Juu kule, kwenye ufa wa jiwe, kozi walikuwa wametaga. Dada alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, jicho moja kalifumba, akaturipotia. Kozi hajengi kiota, alisema, anakwangua mchanga tu. Ana sharubu nyeusi mashavuni. Hagusi kitu kilicho chini, anampiga njiwa hukohuko angani, manyoya yakatawanyika kama pamba. Vifaranga walikuwa watatu, weupe, halafu wakaanza kutoka manyoya ya kahawia.

"Somoe kaposwa na kozi," bibi alikuwa akisema, akisuka mkeka wake. "Tungoje mahari. Ataleta njiwa wangapi?"

"Hata wawili wananitosha, bibi. Wewe ulitolewa nini?"

"Jembe na maneno matamu. Jembe lipo."

Bibi alikuwa na kuku mwenye vifaranga saba. Kwetu kifaranga haachiwi hivihivi. Ile rangi ya kuchovya ukindu wa mikeka, ikibaki chunguni, vifaranga wanapakwa wakawa zambarau, kwa sababu ndege wa kuwinda akiona rangi hiyo hajui ni mnyama gani, anaogopa. Mimi na Somoe tuliwapaka wote saba. Hata hivyo kazi ya kuwalinda ilikuwa yangu.

Jumapili moja ya jua kali, mikorosho ikinukia maua na salfa iliyopulizwa, bibi na Somoe walikwenda msibani Chiungutwa. Rafiki yangu alikuja kuniambia kwamba kaka yake anaonyesha video ya Kihindi mjini, na sisi tutapenya kwa nyuma, kwenye jenereta. Niliwafunika vifaranga kwa tenga chini ya mkorosho, nikaweka jiwe juu, nikaenda. Kivulini kabisa niliwaweka. Nilikuwa na miaka kumi, lakini nilikuwa nimekaa chini ya miti ya kutosha kujua kwamba kivuli kinahama. Sikutaka kukumbuka.

Niliporudi tenga lilikuwa juani. Kuku alikuwa analizunguka akilia, mabawa ameyashusha. Ndani, wanne walikuwa wanahema midomo wazi na watatu wamelala ubavu. Nilipowashika walikuwa wa moto kama viazi vilivyotolewa jivuni. Niliwatupa chooni wote watatu, nikawanywesha maji walio hai, nikarudisha tenga kivulini, nikakaa kungoja.

"Kozi kawachukua," nilimwambia bibi alipofika. "Walikuja wawili. Wakarudi tena."

Nilidhani itaishia pale. Kozi ni ndege, hasemi, hachapwi. Lakini bibi aliweka chini kanga aliyokuwa akijifutia uso.

"Na rangi yao ile? Hakuogopa?"

"Hakuogopa."

Hapo ndipo uongo wangu ulipopata miguu. Sikuwa nimefikiria rangi. Kwa bibi, kozi aliyekula kuku wa zambarau si ndege wa kuachiwa. Amezoea, hana haya tena, na watoto wake watafundishwa hivyohivyo. Kesho yake akaitwa mjomba, kaka wa mama, ambaye kwetu neno lake juu ya sisi watoto lilizidi la baba. Alikuwa mrina asali, mlima ule aliupanda kwa kamba kila mwaka, na kiota kile alikuwa akikipita bila kukigusa.

Somoe alimfuata mpaka mlangoni. "Mjomba, kozi hamkamati aliye chini. Nawatazama tangu mwezi wa saba, siku zote. Huyo atakuwa mwewe."

"Kumbe unamtetea mchumba wako."

"Mjomba, wamebakiza siku chache tu waruke. Naapa si wao."

Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alisimama na kamba yake begani, akanigeukia. "Wewe ndiye uliyeona. Ni kozi au ni mwewe?"

Mpaka leo naona mlango aliokuwa amenifungulia. Ningesema mwewe. Ungekuwa uongo bado, lakini mjomba angeweka kamba chini. Niliogopa kwamba nikibadilisha neno moja wataniuliza na mengine, na mwisho mtu atachungulia chooni. Somoe alikuwa ananitazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananingoja.

"Ni kozi," nilisema.

Tulisimama chini ya mlima, mjomba akiwa juu kwenye kamba. Kozi mkubwa alikuwa akimshukia mjomba kichwani, akipiga kelele, na mjomba akimkinga kwa mwenge wake wa kufukizia nyuki. Vifaranga wawili alifanikiwa kuwatia mfukoni. Wa tatu aliruka mwenyewe. Alikunjua mabawa kweli, na kwa muda mfupi Somoe alinishika mkono kwa nguvu, nikahisi furaha yake ikipita kwenye vidole. Halafu ndege akaanza kujibwagabwaga, akagonga jiwe, akaanguka kwenye nyasi karibu nasi. Bado alikuwa na vinyoya vyeupe vya utotoni kichwani, juu ya manyoya ya kahawia.

Mmoja wao mjomba alimtundika kwenye mti uani, kama wafanyavyo watu wengi, ili wengine waone. Alikaa pale mpaka akakauka. Kwa siku nne mama yake alirudi kwenye ufa na njiwa miguuni. Hilo nililiona kwa macho yangu mwenyewe, bila darubini, kwa sababu Somoe hakuishika tena.

Bibi alikuwa akisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi. Dada alikua, akaolewa Newala, akazaa, akazika mume, na katika miaka hiyo yote niliona kitu ambacho wengine hawakukijua chanzo chake. Somoe hakubishana tena. Mtu akimwambia kwamba jambo alilokuwa amelishuhudia yeye mwenyewe ni vingine, alisema, "Labda sikuona vizuri." Alipopunjwa kwenye mizani ya korosho alisema hivyo. Shemeji zake walipohamisha mpaka wa shamba lake alisema hivyo. Watu walimsifu kwa upole. Mimi nilichelewa sana kuelewa kwamba ule haukuwa upole, na nilipoelewa nilikwisha kuwa mtu mzima mwenye aibu ya mtu mzima, ambayo ni nzito kuitua kuliko ya mtoto.

Kule Newala tulitazama simu wiki saba. Mayai yalipasuka, vifaranga wakatokea, watatu, weupe. Somoe alikuwa akila vijiko viwili vya uji, lakini aliweza kuniambia yupi kashiba na yupi anaonewa. Walipoanza kuruka, alihesabu. Mchana mmoja wa mwezi wa sita, kifaranga wa mwisho alisimama ukingoni, akasita, akaondoka, na ukingo ukabaki na manyoya tu. Mwanahawa alikuwa ameenda na ndoo kwenye tangi la jirani. Nyumbani tulikuwa sisi wawili.

"Hadija," dada aliniita. Jina hilo hakuwa ameniita tangu nilipozaa. "Wale vifaranga wa bibi. Wewe ulimwona kozi kweli?"

Bibi alikwisha kufa. Mjomba alikwisha kufa. Hakukuwa na mtu wa kunichapa, wala wa kunisikia ila yeye, na aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia.

"Nilimwona, dada."

Aliitikia kwa kichwa, polepole.

"Basi mimi ndiye sikuona vizuri," alisema. Akaniomba nimgeuze alalie upande wa ukutani. Nikamgeuza.