Filamu Isiyohitaji Mtafsiri

Hebu mwone anavyoingia ukumbi wa video saa tisa mchana, kipaza sauti kimeviringishwa taulo kama mtoto mchanga. Ndiye Kasuku, mtafsiri wa filamu za kigeni. Miaka ishirini amewasemea majambazi, mapolisi, hata farasi. Kwake yeye, filamu bila sauti yake ni harusi bila bibi harusi.

Leo inaonyeshwa filamu ya mpwa wake, aliyoipiga kwa kamera ya kuazima. Binti huyo alimdaka mlangoni.

"Mjomba, leo pumzika. Filamu yenyewe ni ya Kiswahili."

"Nimekuja kutazama tu, mwanangu."

"Na hicho kipaza sauti?"

"Kimezoea kutoka na mimi."

Filamu ikaanza. Mama mmoja anapiga pasi shati. Kamaliza kola, kahamia mkono wa shati. Dakika nne, mvuke tu. Watu wakaanza kukohoa. Kasuku akaona mpwa wake ataaibika. Huruma ikampanda, au tuseme ukweli, mdomo ulimwasha. Akafungua taulo.

"Shati hili, ndugu watazamaji, ni la jasusi!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Binti akainamisha kichwa.

Kisha simu ya yule mama ikaita. Ikasikika sauti ya mwanamume, kwa mbali, inabwabwaja bila kituo, maneno hayashikiki. Kasuku akayajaza kwa ya kwake mwenyewe: wateja wasumbufu, goti linalouma, utani. Yakaoana ajabu. Mara tatu mama alifungua mdomo, mara tatu sauti ikamwahi. Mwishowe akasema, "Haya, kaka. Nitakuambia siku nyingine." Akarudi kwenye shati.

Kasuku akakwama katikati ya neno. Dada yake, mama wa binti huyu, humaliza hivyo hivyo kila simu yao. Miaka yote alidhani ni kuagana tu. Bingwa wa kusemea farasi!

"Kasuku, umemeza nini?" mtu akapaza sauti. "Jasusi yuko wapi?"

"Nyamazeni, tutazame," akasema, akazima kipaza sauti. Ndipo akagundua kwamba pasi nayo ina sauti.

Ilipokwisha, akamvuta binti nje. "Mama yako anataka kuniambia nini?"

"Muulize mwenyewe, mjomba. Halafu ungoje."

Akapiga hapo hapo. "Dada, leo sisemi. Sema wewe."

Akasikia pumzi za dada, na kijiko kikiwekwa mezani. Sekunde kumi. Ishirini. Utani mmoja mtamu sana ukamfika kwenye ncha ya ulimi.

Wewe msomaji, ungeweza kuumeza?