Popote Tu

Baba alikuwa mkata boriti kwenye mikoko ya delta, na jopo langu la kwanza la usaili lilikuwa yeye peke yake, amekaa juu ya rundo la miti akisubiri maji yajae. Alikunja uso, akakohoa kiofisa, akaniuliza kwa nini nataka kuwa mwalimu. Maswali tulipewa na mwalimu pekee aliyebaki shuleni kwetu, Mkristo mpole kutoka bara, ambaye wenzake wote walikuwa wamekwishatukimbia. Zilikuwa enzi za ruksa, kila mtu alipofunguliwa kufanya biashara. Mmoja wao aliitupa chaki akawa anawanunulia matajiri wa Dar kamba wa baharini, wala sikumlaumu, maana mshahara wenyewe ulikuwa wa kusikia tu.

"Swali la kupangiwa kazi halikosi," mwalimu alinionya. "Wakikuuliza unataka kwenda wapi, sema popote. Anayechagua wanamkata."

Baba hakulipenda jibu hilo. Alitaka jambo moja tu duniani, nami nililitaka kuliko yeye: nisome ualimu, nirudi delta, nifundishe pale pale kijijini. Mama alikuwa ameshafariki, na baba hakuwa na mtoto mwingine. Lakini alilimeza, akaendelea kunisaili.

"Unataka kupangiwa wapi?"

"Popote."

"Kwa sauti, mwanangu. Wasije wakasema delta hakuna watu."

Mengine alikuwa amenifunza tangu utotoni, bila kufikiria usaili wowote. Kwetu mtoto aliyelelewa hapokei kitu mara ya kwanza. Ukikaribishwa chakula unasema umeshiba, hata kama tumbo linanguruma. Mwenyeji anakubembeleza, unakataa tena, anakushika mkono, ndipo unanawa. Anayedaka mara moja ni mlafi, na aibu inamwangukia baba yake.

Usaili wenyewe ulifanyika Kibiti. Nilivaa blauzi nyeupe ya mtumba, iliyonibana makwapani. Aliyeongoza jopo alikuwa mama mmoja wa bara, mwenye miwani na sauti ya upole. Nilijibu yote bila kugugumia. Mwishoni akavua miwani, akatabasamu.

"Wewe mtoto wa delta. Huko walimu hawakai. Kuna nafasi tumeitenga kwa mtu atakayekubali kurudi huko akihitimu. Tukupe wewe?"

Moyo ulinidunda kwa furaha hadi nikaogopa atausikia. Nikainamisha macho.

"Popote tu, mama. Wapo wenzangu wanaoistahili zaidi."

Nikangoja anibembeleze. Akasema, "Sawa," akaandika, akaita mwingine.

Nilisimama nje ya mlango ule nikitaka kugonga, niingie, niseme naitaka. Mkono haukunyanyuka. Kurudi kuomba kitu nilichokwisha kukataa kungekuwa kujivua nguo mbele za watu, na mpaka leo naichukia adabu yangu ya siku ile.

Nilichaguliwa kwenda chuo. Baba alichinja kuku, akawatangazia majirani kwamba mwalimu wao anakuja, nami nikala huku nimeinama. Nafasi ya delta alipewa mwingine, ambaye hakuja kukanyaga tope la kwetu hata siku moja. Nilipohitimu nikapangiwa mbali kabisa, kwenye milima ya baridi nisiyoijua. Wakati huo mwalimu wetu naye alikuwa ameondoka, na shule ya kijiji ilikuwa imefungwa. Siku ya kuaga ndipo nilipomweleza baba ukweli wote.

Aliacha kunoa shoka.

"Walikuuliza mara ngapi?"

"Mara moja, baba."

Akaliweka shoka chini. Nilitamani anitukane, aniite mpumbavu, nipate pa kulilia. Lakini hakunikasirikia hata kidogo.

"Basi," akasema, "mimi ndiye niliyekulea vibaya."