Farasi Aliyetupeleka kwa Mchepuko wa Baba

Mchepuko wa baba tulionyeshwa na farasi. Na baba mwenyewe alikuwa kaburini tayari.

Msicheke, subirini kwanza.

Baba alikuwa anasambaza mitungi ya gesi kwa gari la farasi. Farasi wake, Kidoti, alizijua nyumba za wateja kuliko baba mwenyewe. Humwelekezi. Akifika kwa mteja anasimama, hang'oki mpaka mtungi ushuke.

Sasa, kazi inaisha mchana, baba nyumbani anarudi giza limeingia. Mama akiuliza, jibu ni moja: "Foleni."

"Foleni ya nini, na wewe unaendesha farasi!"

Halafu vitu vikaanza kutoweka. Karoti. Pumba. Siku moja likaondoka blanketi lao la harusi, lile jekundu. Hapo mama akafunga kesi: mume wangu ana nyumba ndogo.

Akanuna. Wakawa wanasalimiana kama wapangaji. Hivyo hivyo, mpaka moyo wa baba ukasimama ghafla akiwa anapakia mitungi.

Mazishini mama hakutoa chozi. Shangazi akamfokea, "Wifi, huyu ni mumeo!"

"Amlilie huyo aliyepewa blanketi langu."

Haikupita muda akamuuza Kidoti kwa mchinjaji. Nilimbembeleza, wapi! Siku ya kuchukuliwa akaniambia, "Mfunge kwenye gari. Kabla hajaondoka, anipeleke kwa huyo mwanamke."

Nikaachia hatamu. Kidoti akapita kwa wateja wote, anasimama, tunasubiri, anaondoka. Baada ya mteja wa mwisho akakunja kona, akashika njia ya vumbi nisiyoijua. Mama alikuwa amepaka wanja kabisa. Hakutaka mke mwenzie amkute amechakaa.

Kidoti akasimama kwenye geti la kiwanda cha matofali kilichofungwa zamani.

"Hodi!" mama akaita, kwa sauti ya ugomvi.

Nikasukuma geti.

Mwanamke hakuwepo. Kulikuwa na farasi watatu, mbavu nje. Nyasi walikuwa wametafuna mpaka mizizi, dimbwi la mvua limebaki tope. Mmoja alikuwa ameshakufa, kichwa amekielekeza getini.

Walikuwa wanamsubiri baba, jamani. Siku zote hizo.

Wa pili alikuwa chongo, anatetemeka. Wa tatu, jike mzee, amelala chini na blanketi jekundu mgongoni.

Mama akashika mdomo. "Bi Harusi?"

Ndiye aliyevuta gari lao siku ya ndoa. Alipoanza kuchechemea, mama ndiye aliyesema apelekwe kwa mchinjaji, chakula hakitoshi hata cha watoto. Baba akaitikia sawa. Miaka yote mama anajua ameshaliwa.

Kumbe baba alishindwa kumpeleka, akashindwa na kumwambia mkewe. Na kila alipokuta farasi mzee mwingine anaburutwa kwenda kuchinjwa, alimwomba, akamleta pale.

Mama akakaa kwenye tope, akapakata kichwa cha Bi Harusi. Ndipo akalia. Kile kilio cha mazishini kilimtoka siku ile, wanja wote ukamshuka mashavuni.

"Baba watoto, si ungeniambia! Ungeniambia tu!"

Nilikimbilia maji. Bi Harusi akanywa kidogo, akafia mapajani mwa mama.

Simu ya mama ikaita. Mchinjaji amefika nyumbani, anauliza mzigo wake uko wapi.

"Nisubiri hapo, nakurudishia hela zako," mama akasema. "Hapa hauzwi mtu." Akakata.

Tukabaki na Kidoti na yule chongo. Leo kiwanda kizima kimejaa farasi wazee, tunawatunza mimi, mama na shangazi. Wageni wakija wanasifia, eti familia yenu ina upendo sana. Mama akisikia hivyo anatoka nje.

Ewe uliyemnunia mwenzio, muulize leo, angali anaweza kukujibu. Mama yangu anamuuliza baba kila jioni pale getini, blanketi likiwa mabegani, na mpaka leo hajajibiwa.