Joto Lisilokaa Garini

Kwa miaka minne nilijisifu kwamba gari langu halichemki. Wenzangu wa sokoni Busia, wanaobeba marobota ya mitumba kama mimi, walikuwa wakisimama njiani, wanafungua boneti na kumimina maji huku mvuke ukiwafukuza. Mimi nilikuwa nawapita na kupiga honi kidogo, ya kuwachokoza tu. Sindano ya joto kwenye dashibodi yangu ililala chini kabisa siku zote, nami niliitazama kama mtu anayetazama ripoti ya shule ya mtoto wake mwerevu.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa haraka. Tangu nikiwa msichana naambiwa haraka haraka haina baraka, nami huwajibu kwamba wenye baraka hufika soko limeshafungwa. Chai nakunywa nimesimama. Hasira nazo hazinikawii.

Binti yangu wa mwisho ana selimundu, ugonjwa wa damu ambao kwetu wengi huuita sikoseli. Adui yake mkubwa ni baridi. Ikimwingia, mifupa huanza kumuuma, kwanza vidole, halafu miguu na mgongo, mpaka analia bila sauti. Wakati ninaousimulia alikuwa na miaka tisa. Kila mwezi nilimpeleka kliniki Tororo, na ili tuwahi foleni ilibidi tutoke Busia alfajiri, ukungu ukiwa bado umekaa barabarani. Watu wa mbali hudhani huku kwetu ni jua tu. Hawajapita kwenye msitu wa Busitema asubuhi ya mvua.

Ndiyo maana nilihitaji hita. Gari lenyewe lilikuwa limetumiwa kwanza na watu wa nchi za baridi, na hita ilikuja nalo. Ila ilikuwa na tabia yake. Mara inatoa joto zuri, mara inapuliza upepo wa baridi, kisha joto tena, na hakuna aliyegusa kitu.

Nililipeleka kwa fundi wangu wa siku zote, upande wa Uganda wa mpaka unaoukata mji wetu. Akacheka mpaka akaegemea boneti.

“Mama, joto ya nini huku? Jua ya Busia haitoshi wewe?”

Nilipomweleza habari za mtoto aliacha kucheka, akaingia kazini. Tulibadilisha swichi. Mara nyingine tukasafisha kile kirejeta kidogo kilicho nyuma ya dashibodi, kinachopitisha maji ya moto ya injini ili feni ipulize joto ndani. Mara nyingine akaongeza maji. Kila tulipojaribu pale gereji, gari limesimama na injini inanguruma, joto lilikuja hadi tukafungua madirisha. Naondoka nimeridhika, na safari inayofuata baridi inarudi njiani. Fundi aliniomba mara mbili nimwachie gari kutwa nzima. Nilimuuliza kama yeye ndiye atakayebeba marobota yangu kichwani.

Kisha ikaja asubuhi moja ya mvua kubwa. Binti yangu aliamka akisema goti linamvuta. Nilimfunga blanketi mbili, nikampa chupa ya maji ya moto aikumbatie, tukaondoka. Mbele yetu kulikuwa na msururu wa malori yaliyotoka mpakani, yanatambaa kama yanakwenda matanga. Ndani ya gari joto lilikuwepo, lakini sikulitilia maanani. Kilichojaa machoni mwangu ni migongo ya malori. Niliwatukana madereva, nikatukana na mizigo yao.

“Mama, hii malori tusipite,” binti yangu akasema.

Nilidhani anaogopa. Nikamwambia anyamaze, kuendesha najua. Barabara ilipofunguka niliyapita yote, moja baada ya jingine, nikakanyaga mafuta. Tulipoingia Busitema hita ilikuwa inapuliza baridi. Nikasikia meno yake yanagongana. Na kwa sababu nilitaka kumfikisha upesi, niliongeza mwendo.

Tulifika akiwa hawezi kukunja vidole. Alilazwa siku tano. Nilikaa pembeni ya kitanda nikimkanda miguu, nikiona haya, na haya yenyewe sikujua ni ya nini.

Alipotoka hospitali nilikwenda kwa fundi nikaanza kumfokea kabla ya salamu, jambo ambalo kwetu ni kama kumtemea mtu mate. Aliningoja nimalize. Halafu akanisalimia yeye, akauliza habari za nyumbani, za mtoto, za mvua, za mihogo, mpaka nikalazimika kujibu moja moja na pumzi ikashuka.

“Sasa leo hatufungui kitu,” akasema. “Leo tunatembea na gari. Na wewe usiangalie saa.”

Tulishika njia ya Tororo. Aliniambia niende polepole, na joto likaja. Aliniambia nikimbize, na baada ya dakika chache likaondoka. Tukarudia. Alirudisha mgongo kwenye kiti, akaweka kiganja mbele ya tundu la hita. Vilima vya Osukuru vilikuwa vimeshaonekana aliponiambia nisimame. Akachukua boksi tupu la sabuni kwenye buti, akalipasua, akapachika kipande chake mbele ya rejeta kubwa, ile inayopoza maji ya injini, ili upepo usiipige.

“Kimbia sasa.”

Nilikimbiza. Joto halikuondoka. Ile sindano yangu ikaanza kupanda, na mimi nikaanza kupiga kelele kwamba injini inaungua. Akanyoosha mkono, akanionyesha ilipotua: katikati.

“Hapo ndio mahali yake, mama. Gari hii haina thamostati.”

Akanieleza. Ni kidude kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Kisipokuwepo, maji yanazunguka muda wote. “Ukikimbia, upepo napiga rejeta, maji nakuwa baridi, hita natoa baridi. Ukienda pole, maji napata moto.”

“Nani alikitoa?”

“Mimi.”

“Kwa ruhusa ya nani?”

“Yako.” Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. “Ile siku ilichemka ukienda soko. Mimi nasema, ngoja nitafute maji natokea wapi. Wewe nasema hapana, toa hiyo kitu, watu wote natoa.”

Ni kweli, huku wengi hukitoa. Gari likichemka mara moja tu, kidude kinang'olewa na kutupwa, na mwenye gari anakwenda zake akifurahia sindano iliyolala. Nilikuwa nimesahau kabisa siku ile. Kumbe nilimpunja mtoto wangu joto kila nilipomkimbiza, na nilivyozidi kumhurumia ndivyo nilivyozidi kumgandisha. Nililia palepale kando ya barabara, fundi akijifanya anakagua tairi.

Thamostati mpya ilipatikana upande wa Kenya. Siku hiyo nilimwachia fundi gari kutwa nzima, atafute na pale maji yalipokuwa yanavujia, nikakaa kwenye benchi lake bila la kufanya. Alinitazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyekubali kukamuliwa na mgeni.

Safari iliyofuata ya kliniki ilikuwa ya ukungu tena. Joto lilikaa. Tulipokuta malori sikuyasumbua. Nilikaa nyuma ya la mwisho nikijitahidi kuwa mwanamke mpya. Binti yangu alikuwa amefungua blanketi.

“Mama, sasa unaweza kupita,” akasema.

“Si ulikuwa unayaogopa?”

“Sikuogopa. Tukiwa nyuma yao joto nakuja, tukipita naenda. Kila asubuhi nilikuwa naomba Mungu malori ikuwe mingi.”

Miezi yote ile alikuwa anajua, na tulikuwa tumekaa viti viwili vinavyopakana. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anachora kwa kidole kwenye kioo chenye ukungu.

“Nilikuwa nangoja siku hujakasirika.”

Nilibaki nyuma ya lile lori mpaka Tororo, kwa sababu barabara sikuwa naiona vizuri.